Naomba ushauri: watoto wameingiwa na hofu baada ya filamu ya unyakuo

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Naomba ushauri wenu.

Jumamosi usiku tuliwaonyesha vijana kanisani A Thief in the Night, filamu ya Marekani ya 1972, dakika 69, kuhusu unyakuo (Yesu kuwachukua waamini ghafla, wengine wakiachwa), mmoja wetu akitafsiri kwa maiki. Vijana wakubwa waliipokea vizuri. Shida ni watoto wa miaka 9 hadi 12 walioingia na kaka zao. Kilichowashtua ni ile mashine ya kunyolea ndevu inayonguruma kwenye sinki huku mume wa mhusika mkuu hayupo, amenyakuliwa. Sasa mtoto akiamka akakuta nyumba kimya, analia akidhani ameachwa.

Kosa letu naliona: filamu ilipoisha tuliita watu mbele waokoke, tukafunga kwa sala. Nafasi ya maswali haikuwepo. Jumapili tulisoma 1 Wathesalonike 4:13-18, tukakazia neno "farijianeni" la mstari wa mwisho. Wadogo bado wanaogopa kulala.

Je, watoto wa umri huu mnazungumza nao wakiwa na wazazi wao, au peke yao darasani? Na vijana wanaomba mwendelezo wake, A Distant Thunder, wenye mashine ya kukata vichwa: tuuonyeshe kwa wakubwa tu, au tuuache kabisa?