Miadi ya daktari wa mifugo Mtwara na Lindi: aplikesheni, USSD au namba ya simu?

Fundi wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Tupo wawili hapa Mtwara mjini, tunasanifu mfumo wa mfugaji kuomba miadi na daktari au afisa mifugo. Njia zipo tatu: aplikesheni ya Android yenye ramani, picha na kalenda ya saa, menyu ya USSD, ile ya kubonyeza nyota na namba, inayofunguka hata kwenye kitochi bila bando, au namba moja ya simu inayopokelewa na mtu, naye ndiye anapanga ratiba. Kwa mifugo ya huku kwetu, mngeanza na ipi?

Afisa Mifugo, Nachingwea
Kabla ya njia, ondoeni kwanza hiyo kalenda ya saa. Siwezi kumwahidi mtu saa nne na nusu wakati nipo na pikipiki kati ya vijiji viwili na mvua imekata barabara. Wekeni asubuhi au alasiri, inatosha.

Halafu swali la kwanza lisiwe "unataka siku gani", liwe "mnyama ana nini". Ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe, haisubiri Alhamisi. Ukiiwahi, dawa inafanya kazi; ukichelewa, mapafu yanajaa maji na ng'ombe anakufa. Ng'ombe aliyeshindwa kuzaa ndiyo kabisa. Chanjo na kuhasi vinaweza kungoja wiki ijayo. Dharura isipangiwe siku, ipigiwe simu palepale.

Dalili nazo ziandikeni kama mfugaji anavyozisema: tezi za chini ya sikio zimevimba, anakojoa damu, ametupa mimba. Akichagua hiyo ya mwisho, ujumbe umwambie hapohapo asishike kondo wala kijusi kwa mikono mitupu. Brusela, ugonjwa unaotupisha mimba, inaingia kwa binadamu pia.

Mama Kuku wa Mikindani
Mimi USSD. Simu janja ya nyumbani ni ya mwanangu, akisafiri imeondoka naye. Ila nina ombi moja kubwa. Chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, ya tone la jicho inarudiwa kila miezi mitatu, na kichupa kimoja kinatosha kuku wengi kuliko nilionao. Kikishafunguliwa hakiwekwi hadi mwezi ujao, kwa hiyo mtu mmoja mmoja kuomba miadi ni hasara. Wekeni sehemu ya majirani kujiunga kwenye ombi moja: mimi naanzisha, wenzangu wanaandika idadi ya kuku wao, mtaalamu anakuja siku moja kwa mtaa mzima. Na aje alfajiri, kuku wakiwa bado bandani. Jua likishatoka utawakamatia wapi?

Mfugaji wa Kilwa
Ndugu zangu, sisi tuliohamia huku wakati wafugaji walipoondolewa bonde la Ihefu kule Mbeya, mwaka 2006 na 2007, maboma yetu yapo mbali na minara. Mtandao napanda kilima kuutafuta. USSD ikikatika katikati naanza upya toka mwanzo, na nikirudia mara ya tatu nakata tamaa. Napendelea namba ya simu: nikipata mtandao naongea mara moja, nimemaliza. Jambo lingine, hela ya mafuta ya pikipiki itajwe kabla sijakubali. Mgogoro mwingi unaanzia hapo, mtaalamu akiwa ameshafika bomani.

Msanifu, Masasi
Kuhusu gharama, USSD inahitaji namba kupitia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, na makubaliano na kila kampuni ya simu, na ukurasa mmoja haubebi zaidi ya herufi 182. Dalili za Afisa hapo juu zitajaa haraka. Kwangu mimi aplikesheni ni ya mtaalamu, mfugaji aachiwe simu na ujumbe mfupi, wote waingie ratiba moja. Aplikesheni ihifadhi kumbukumbu kwenye simu yenyewe, itume mtandao ukirudi. Ramani msiitegemee, orodha ya kata, kijiji na kitongoji, kisha alama inayojulikana, inamfikisha mtu. Na kwa kuwa kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, msiombe taarifa ambazo hamtazitumia.

Dada wa Ligula
Msanifu, hapo sikubaliani nawe. Sisi wa mjini wenye mbwa na paka tuna simu janja, na picha ya kidonda inasema mengi. Aplikesheni yetu ibaki. Ila mtu akichagua "mbwa kang'ata mtu", asipewe miadi kabisa. Aambiwe aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo, na mbwa akiweza kufungwa bila hatari afungwe, aangaliwe siku 10. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hakina tiba.

Fundi wa Shangani
Nashukuru sana. Tunaanza na namba ya simu na aplikesheni ya mtaalamu. Ombi la pamoja la chanjo linaingia toleo la kwanza. Aplikesheni ya wa mjini inafuata, USSD tukipata fedha. Afisa, tutamjuaje mtaalamu wa kweli?

Afisa Mifugo, Nachingwea
Chukueni namba yake ya usajili, mthibitishe kwa Baraza la Veterinari kabla hajaonekana kwenye orodha. Sheria ya Veterinari ya 2003 inawagusa hata wasaidizi, si madaktari peke yao. Na mnyama akishatibiwa, mfumo umtumie mfugaji tarehe ambayo maziwa ya mnyama huyo yataanza tena kunywewa, dawa ikishaisha mwilini. Hiyo nawaandikia dawa kwa dawa, nipeni wiki hii.