Mjadala: Fedha ya Mwanafunzi wa Sauti Inunue Regulata ya Kelele Ndogo au Transfoma Bora?

Hoja ya kufungulia, kutoka Kariobangi

Ndugu mafundi na wapenzi wa sauti wa Nairobi, naleta mbele yenu suala lililotugawa katika karakana yetu, ambako kila Jumamosi tunawafundisha vijana kuunda amplifaya ndogo ya hedifoni, kuanzia waya unaotoka ukutani hadi tundu la hedifoni lenyewe. Kila kijana hulipia vifaa vyake, na mara nyingi anayelipa ni mzazi. Wenzangu wawili wamependekeza kwamba kuanzia kundi lijalo kila mwanafunzi apewe bodi iliyokwisha kulehemiwa ng'ambo, yenye regulata (chipu inayoishikilia volti isiyumbe) ya LT3045 upande wa chanya na LT3094 upande wa hasi, badala ya regulata za LM317 na LM337 tulizozizoea. Mimi napinga. Naliweka jambo hili hadharani kwa sababu karakana zinazofundisha vijana kazi hii ni nyingi mjini, na kosa tutakalolifanya sisi litarudiwa kwingine.

Nianze kwa kukiri lililo kweli. LT3045 ni chipu nzuri mno. Mtengenezaji wake anaeleza kwamba kelele yake, yaani mtikisiko mdogo wa volti inayotoa, kati ya hezi 10 na kilohezi 100 ni maikrovolti 0.8 tu. LM317, ambayo imekuwa sokoni tangu miaka ya 1970, inaelezwa kuwa na kelele ya asilimia 0.003 ya volti inayotoa, na hiyo kwa volti 15 ni maikrovolti 450. Ukiziweka namba hizo mbili ubavu kwa ubavu, pengo ni la zaidi ya mara mia tano, na ninaelewa kabisa kwa nini mtu akiliona pengo hilo hukimbilia kufungua mkoba.

Ila namba hizo hazijafika sikioni. Amplifaya yetu inatumia opampu (chipu ya kukuza ishara) ya NE5532, na opampu yoyote iliyoundwa vizuri hukataa sehemu kubwa ya uchafu unaokuja kwenye miguu yake ya umeme. Kwa NE5532 kiwango cha chini kinachoahidiwa ni desibeli 80, yaani uchafu unagawanywa kwa 10,000. Gawanya maikrovolti 450 kwa 10,000, unabaki na maikrovolti 0.045. Sasa tazama kelele ya opampu yenyewe: ni takriban nanovolti 5 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, na ukiijumlisha katika upana wa kilohezi 20 unapata maikrovolti 0.7 hivi. Kelele ya opampu imeizidi ile iliyovuja kutoka kwenye regulata kwa mara 15, na hapo bado hatujaweka kapasita ya maikrofaradi 10 kwenye mguu wa marekebisho wa LM317, yaani mguu unaopanga volti inayotoa. Kapasita hiyo huipunguza sana kelele ya LM317, na hupandisha uwezo wake wa kuzuia mawimbi ya transfoma kutoka desibeli 65 hadi 80. Ni kapasita ya bei ndogo kuliko chapati.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba mvumo ambao vijana wetu huulalamikia hautoki kwenye regulata hata kidogo. Mmoja wa kundi lililopita alileta amplifaya iliyokuwa ikivuma, akiwa ameshabadilisha LM317 mara mbili. Tuliikagua tukakuta amechukua ardhi ya sauti (waya wa volti sifuri ambao ishara hupimwa kutoka kwake) kutoka katikati ya waya unaounganisha transfoma na kapasita kubwa za kuhifadhi umeme. Waya huo si ardhi tulivu. Dayodi, zinazougeuza umeme wa transfoma uende upande mmoja, hazipitishi umeme muda wote; hufunguka kwa kitambo kifupi kwenye kilele cha kila wimbi, mara 100 kwa sekunde, na katika kitambo hicho mkondo unaweza kufika ampea kadhaa hata kama amplifaya yenyewe inakula sehemu ya kumi ya ampea. Chukua ampea 3 zikipita kwenye kipande cha waya chenye miliomu 10: unapata milivolti 30 za mvumo, zilizoongezwa moja kwa moja kwenye sauti. Milivolti 30 ni maikrovolti 30,000. Hakuna regulata duniani inayoweza kuziondoa, kwa sababu zimeingia mahali ambapo regulata haifiki. Tuliuhamisha waya huo sentimita chache, tukaufunga baada ya kapasita, mvumo ukanyamaza. Yule kijana alikaa kimya muda mrefu akiwa amevaa hedifoni, na sitausahau uso wake.

Kuna pia suala la volti. Umeme wetu ni wa volti 240, lakini transfoma ambazo sisi hununua Luthuli Avenue mara nyingi zimeandikwa 220. Transfoma ya volti 15 iliyoandikwa hivyo inatoa zaidi ya 16 hapa kwetu, na baada ya dayodi na kapasita unapata zaidi ya volti 22, tena zikipanda zaidi mzigo ukiwa mdogo. LT3045 imekusudiwa kupokea volti 20, na kikomo chake kisichopaswa kuvukwa ni 22. Mwanafunzi atakayeunganisha bodi hiyo ya gharama kwenye transfoma yetu ya kawaida ataiua siku ya kwanza. LM317 haijali hilo, kwa kuwa inachohesabu ni tofauti kati ya volti inayoingia na inayotoka, na inavumilia tofauti ya hadi volti 40. (Kwa sababu hiyo hiyo, naomba wote wanaofunga kapasita za volti 25 hapo waache, wafunge za volti 35.)

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba fedha hizo ziende kwenye transfoma yenye uwezo wa kutosha, kapasita za kutegemeka, kasha la bati, na saa nzima ya somo la nyaya za ardhi. Naomba maoni, hasa ya wanaonipinga.

Mchangiaji kutoka Ngara

Mimi ni mmoja wa wale wawili, na nashukuru kwamba hoja yetu imeelezwa bila kupotoshwa. Hata hivyo, fundi mwenzangu amechagua saketi inayomfaa. Hesabu yake inasimama juu ya desibeli 80 za NE5532, lakini uwezo huo wa kukataa uchafu hupungua kadiri masafa yanavyopanda, na haulindi kitu chochote ambacho hakina opampu. Vijana wa leo hawataishia kwenye amplifaya ya hedifoni. Mwaka wa pili watajenga kigeuzi cha dijitali cha kusoma muziki kutoka kwenye kompyuta au simu, na humo kuna sehemu mbili zisizo na ngao. Ya kwanza ni osileta inayopiga saa ya kigeuzi: uchafu kwenye umeme wake husogeza mapigo, na mapigo yakisogea sauti huharibika kwa namna ambayo kapasita kubwa haiwezi kuirekebisha. Ya pili ni volti ya rejea. Kigeuzi huzidisha namba za muziki kwa volti hiyo, kwa hiyo chochote kinachotikisika pale hutikisa muziki wenyewe. Mhandisi Walt Jung na wenzake walipochapisha mwaka 1995 regulata yao inayotumia opampu kama mlinzi wa volti, hawakuwa wakifukuza vivuli.

Jambo la pili ni uaminifu wa soko. Nimenunua LM317 mjini ambazo zilikuwa na jina tu. Moja ilizimika kwa nusu ya ampea ilhali halisi hufika ampea moja na nusu. Bodi inayoagizwa kwa muuzaji anayejulikana huokoa muda wa mwanafunzi, na muda nao ni fedha. Kisha, tunamfundisha kijana wa leo kwa chipu iliyoundwa kabla mzazi wake hajaoa. Akienda kuomba kazi atakuta chipu ndogo za kelele ndogo kila mahali, naye hajawahi kuishika hata moja.

Mchangiaji kutoka Buruburu

Naomba kuchangia kwa ufupi kutoka upande wa ukarabati, kwa kuwa kazi yangu ni mikisa na amplifaya za makanisa. Wote wawili mnazungumza kana kwamba kila mtu ana transfoma. Wateja wangu wengi huleta vifaa vinavyolishwa na adapta nyepesi za swichi zenye pini mbili. Ndani ya adapta hizo mara nyingi kuna kapasita inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa sauti, na ikiwa ni ya nanofaradi 2.2, kwa volti 240 na hezi 50 hupitisha takriban maikroampea 166. Mkondo huo hauui mtu, lakini ndio unaowasha vidole ukigusa kasha, na hutafuta njia ya kwenda ardhini kupitia waya wa sauti. Regulata ya aina yoyote haiuoni, kwa sababu waya zote mbili za umeme hupanda na kushuka pamoja. Kanisa moja lilinunua mikisa mbili mfululizo kabla hatujagundua kwamba soketi za jukwaani zina tundu la ardhi lisilounganishwa na chochote. Katika mjadala huu naunga mkono transfoma, na zaidi ya hapo naunga mkono kila mwanafunzi kupima ardhi ya soketi kabla ya kulaumu kifaa. Wanaotumia betri ya sola ya volti 12 wamepata umeme mtulivu sana, mradi kidhibiti cha kuchaji kisiwe kinafanya kazi wakati wa kusikiliza.

Majibu ya mwanzilishi

Mama wa Buruburu, ahsante sana. Suala la soketi nililiacha nje na sikupaswa kuliacha. Litaingia kwenye somo la kwanza, kabla hatujagusa chuma cha kulehemu.

Ndugu wa Ngara, nakubali hoja yako ya osileta na ya volti ya rejea bila masharti. Ningeongeza ya tatu, yaani kikuzaji cha santuri kinachotumia sindano ya koili inayocheza, pale ambapo ishara ni ndogo mno na mara nyingi hatua ya kwanza ni transista moja isiyo na ngao ya opampu. Katika sehemu hizo tatu nitainunua LT3045 kwa moyo mkunjufu. Lakini angalia kwamba zote zinakula mkondo mdogo kwa volti ndogo, mara nyingi 3.3 au 5. Hapo chipu moja inatosha, ikilishwa na LM317 iliyotangulia kuteremsha volti, na hatari ya kuvuka volti 20 inaondoka. Tofauti yetu basi ni ya mwaka gani na mahali gani, na ninashikilia kwamba mwaka wa kwanza si wake.

Kuhusu kupungua kwa ngao ya opampu katika masafa ya juu, unasema kweli, lakini dawa yake ya kwanza ni kapasita ya maikrofaradi 0.1 iliyofungwa milimita chache kutoka kwenye miguu ya opampu. Kama bodi ya kelele ndogo imekaa mwisho wa waya wa sentimita 15, utulivu wake unapotea njiani, kwa kuwa waya huo nao una ukinzani wake kwa masafa hayo. Mwanafunzi asiyejua hili atalipia maikrovolti 0.8 na asizifikishe popote.

Kuhusu LM317 bandia, nimeumwa na jambo hilo kama wewe. Hata hivyo bodi za LT3045 nazo huigwa, na iliyo bandia ni ngumu zaidi kuitambua, kwa sababu kelele yake iko chini ya kile ambacho mita ya kawaida inaweza kuona. LM317 mwanafunzi anaweza kuihoji mwenyewe: apime volti kati ya mguu wa kutoa na mguu wa marekebisho, aone kama ni 1.25 au karibu sana na hapo, kisha aipe mzigo wa ampea moja ikiwa imefungwa kwenye bati la kupoza na aone kama volti inasimama. Dakika 10 zinatosha.

Hapo ndipo ninapoona tumekosea sote, mimi nikiwemo: tumebishana juu ya kelele kwa wiki tatu bila mtu yeyote kuipima. Kifaa cha kupimia tunaweza kukiunda. Kikuzaji cha desibeli 60 kilicholishwa na betri, kapasita ya kuzuia volti tuli isiingie, na kadi ya sauti ya kompyuta. Cha kukisahihishia kipo bure, kwa sababu rezista ya kiloomu 1 katika joto la kawaida la chumba hutoa nanovolti 4 kwa kila kipeuo cha pili cha hezi, kwa maneno mengine takriban maikrovolti 0.57 katika kilohezi 20. Kifaa kisichoweza kuisikia rezista hiyo hakifai kuihukumu LT3045.

Nimeshalehemu kikuzaji hicho na nitakileta Jumamosi pamoja na amplifaya mbili za wanafunzi, moja ikiwa na kapasita kwenye mguu wa marekebisho na nyingine bila. Nakuomba uje na bodi yako. Tutaifunga kwenye amplifaya ile ile, tukiilisha kwa LM317 na LM337 zilizowekwa volti 18 ili isiungue, na wanafunzi wasome namba wao wenyewe kwenye skrini. Iwapo sauti inayotoka kwenye tundu la hedifoni itapungua kelele kwa desibeli 3 au zaidi, nitaandika hapa kwamba umeshinda, na kundi lijalo litapata bodi yako. Isipopungua, naomba uniunge mkono tukanunue transfoma.