Lekchara wa "shirikishi" leo kanivua nguo mbele ya pindi zima

Bandolimekata: Wakuu, nimetoka pindi sasa hivi, nipo chini ya mwembe mikono inatetemeka, mkiona herufi zimerukana msinisahihishe. Walioko Mtwara mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa kishikwambi. Alipelekwa semina ya ufundishaji shirikishi Dar, akarudi hafundishi tena, kazi yake kutugawa makundi. Asubuhi makundi, mchana makundi. Siku akifa tutamzika kwa makundi, kila kundi na mwenyekiti wake na katibu.

Leo kaja na mchezo wa maswali wa kwenye simu. Sekunde 20, bonyeza rangi. Mimi bando limekata, bumu (hela ya mkopo) halijaingia, na waifai ya chuo unaipata ukipanda juu ya tangi la maji. Nabonyeza, kiduara kinazunguka. Namwambia "Sir, mtandao." Ananijibu "Endelea kushiriki." Nishiriki nini, kiduara?

Mchezo ukaisha. Angezima tungeachana salama. Akafungua orodha nzima kwenye projekta, akashuka nayo taratiiibu hadi chini kabisa: jina langu, sifuri. Halafu nanukuu: "Mwenzetu huyu tumpe makofi ya kilo." MAKOFI YA KILO! Mimi nina ndevu. Nina mtoto Masasi yuko darasa la pili, hata yeye siku hizi hapigiwi makofi ya kilo. Na watu 200 na ushee wakapiga. Kilo moja! Kilo mbili! Kilo tatu! Hata yule niliyemwazima kalkuleta alikuwa anahesabu kwa sauti.

Za video za dakika 40 anazotaka tuangalie nyumbani kabla ya pindi sisemi. Nasema za kilo. Hivi kweli, kilo?

Korosho Ghafi: 😂😂 Zilifika kilo ngapi mkuu? Sifuri yako hata ghala kuu hawapokei, unarudishiwa na gunia lako.

Mama Ligula: Pole mwanangu. Ila bando la kuandika uzi mrefu hivi umelitoa wapi?

Bandolimekata: Nimeungiwa hotspoti na mtu, mama. Hiyo siyo mada. Mada ni kilo.

Chaki Nyeupe: Msitupe jongoo na mti wake. Harvard kuna mwalimu wa fizikia, Eric Mazur, tangu 1991 anauliza swali, kila mtu anajibu kivyake, wanageukiana wabishane, kisha wanajibu tena. Simu siyo lazima, kadi za karatasi zenye A, B, C, D zinatosha. Na 2014 kule Marekani walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi na hisabati: madarasa ya kukaa kusikiliza tu walifeli kama 34 katika kila 100, ya shirikishi kama 22. Njia haina kosa.

Bandolimekata: Huyo wa Harvard anapigisha watu makofi ya kilo?

Chaki Nyeupe: Sijasema hivyo.

Bandolimekata: Basi kaa pembeni kidogo mkuu.

Fundi Simu: Kama mchezo wenyewe ni Kahoot, skrini yake kubwa inaonyesha watano wa juu tu. Wa mkiani haonekani. Kwa hiyo huyo bwana alikwenda kufungua ripoti kwa mkono wake. Halafu pointi zinapungua kadiri unavyochelewa kubonyeza, mwenye mtandao wa kusuasua kafungwa kabla mpira haujaanza.

Bandolimekata: KWA MKONO WAKE! Mmeona? Wanaosema nimekasirika bure wako wapi? Alishuka nayo kwa mkono wake, wakuu, hadi kwenye ndevu zangu!

Korosho Ghafi: Hakuna aliyesema umekasirika bure. Tunacheka tu.

Binti Kilwa: Afadhali wewe unapigiwa makofi. Wetu huku Lindi anasoma slaidi neno kwa neno mpaka namba ya ukurasa. Umeme ukikatika anafunga laptopu, kwaheri, tuonane wiki ijayo. Ukiuliza swali, jibu lipo kwenye desa, yale makaratasi ya notsi. Desa linauzwa steshenari moja tu. Mwulizeni steshenari ya nani.

Jirani wa Madimba: Mnaongelea umeme na mimi nipo? Gesi ya Songo Songo iko kwenu Kilwa, ya Mnazi Bay iko huku kwetu, bomba la kutoka Mtwara linaipeleka Dar tangu 2015, na projekta ya Mtwara inazimika saa nne asubuhi. Kundi gani lijadili hilo?

Korosho Ghafi: Umeanza. Hiyo gesi 2013 tuliisema tukachoka.

Mama Ligula: Mpaka nyama ya kwenye friji iliharibika juzi. Nyama yote!

Bandolimekata: Wakuu, turudi kwenye mada. Kilo.

Dume la Newala: Kilo za korosho mwaka huu sioni kama zitafika, ugonjwa wa ubwiriunga umeshaanza kwenye maua. Dawa ya salfa mmepata? Kwetu nusu ya kijiji majina hayasomeki kwenye mfumo.

Korosho Ghafi: Nanyamba tumepata ya unga, ya maji bado.

Jirani wa Madimba: Ya unga bila mashine ya kupulizia utapaka kwa mkono?

Dume la Newala: Mashine ninayo, petroli ndiyo sina. Korosho Ghafi, mmegawiwa mifuko mingapi kwa mtu? Njoo inboksi.