Tupeane uzoefu: nani ashawahi kunasa kwenye tope la mikoko?

Kipwa: Nimeona picha ya mtu kasimama mikokoni na buti nyeupeee nikacheka peke yangu. Mlioenda kutazama ndege na kaa huko, mwageni, yaliwakuta nini?

Ngalawa2: Buti zangu mbili bado ziko huko. Zipumzike.

Bamvua: Ngoja niseme langu, nilikuwa nalificha. Nilimfuata ndege mmoja wa mdomo mrefu uliopinda, nikikaribia anasogea hatua kumi, nami nasogea, nikavuka na mkondo umekauka nikaona poa tu. Kumbe maji yashaanza kujaa na siku hiyo ni mwezi mpevu, bamvua lenyewe, maji makubwa. Kugeuka hivi, mguu wa kulia umezama hadi gotini, nikivuta huo wa kushoto ndo unazidi kwenda. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikachoka, nikatulia. Hapo ndo kaa wale wadogo wenye gando moja kubwa wakaanza kutoka mashimoni mmoja mmoja, wamenizunguka, wananipungia. Nikajua naagwa. Na maji hayakuja kwa mbele nilikokodolea macho, yalipita ule mkondo wa nyuma, kimyaa, na povu na majani makavu. Yalipofika kiunoni tope likalegea, nikalala kifudifudi, nikashika mizizi nikajivuta kama nyoka, mikono imechanwachanwa na chaza. Nilitoka bila suruali.

Sosi: Bila suruali?? Rudi hapo kwanza 😂

Mchu: Hao kaa ni madume, walikuwa wanaita majike. Jike hana gando kubwa.

Bamvua: Ahsante mwalimu, nilikuwa na nafasi sana ya kuuliza jinsia.

Kipwa: 😂😂😂

Tumbili: Mi kinachonishinda ni harufu. Watu wamegeuza mikoko choo.

Mchu: Sio choo. Chini ya tope lile hakuna hewa, bakteria wake wanatoa gesi inayonuka yai viza. Ndo maana mchu, aina ya mkoko, unachomoza mizizi juu kama penseli, upate kupumua.

Tumbili: Na vyoo vipo pia. Usinibishie, nilikanyaga.

Ngalawa2: Ushauri: nendeni pekupeku, tope halina cha kushika.

Sosi: Pekupeku na chaza wale? Unataka watu washonwe. Raba za kufunga kamba, basi. Na ukinasa usilale kifudifudi, kaa kama uko kwenye kiti, chezesha mguu taratibu maji yaingie pembeni yake.

Bamvua: Ukae maji yakiwa kiunoni? Haya.

Mchu: Ingieni maji yakiwa bado yanapwa, na msitumie saa za jana, kila siku yanachelewa kama dakika 50.

Membe: Mi nilikuja kusoma ndege nakuta suruali. Mwaka 2022 kinda mmoja wa jamii ya hao wa mdomo mrefu, kafungwa kifaa cha kumfuatilia, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania, zaidi ya kilomita 13,500, siku 11 bila kutua. Mafuta ya safari wanayajaza kwenye matope kama hayo, wanadonoa minyoo na kombe wadogo. Mnayemkimbiza hatua kumi huenda ndo kwanza katua, muacheni ale!

Sosi: Sawa afande. Bamvua, suruali?

Bamvua: Niliikuta bamvua lililofuata, imenasa kwenye mizizi. Mfuko mmoja una kaa, sikumsumbua.