Programu-jalizi zinapakiwa kwangu lakini zinagoma kwenye seva (Node.js)

Swali

Ndugu wanajamvi, salaam. Nimeandika kwa Node.js (mazingira ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari) programu ya kutunza hesabu za mauzo ya duka, nami nimeipanga hivi: kila huduma ya nyongeza, kama kuchapa risiti, kutoa ripoti ya mwezi au kumkumbusha mteja deni lake, inakaa katika faili lake ndani ya folda iitwayo jalizi, ili anayetaka huduma mpya aongeze faili tu bila kuugusa msimbo mkuu. Ninasoma majina ya mafaili kwa readdir('./jalizi'), kisha ninayapitia kwa forEach na kuita import() kwa kila jina.

Kwenye kompyuta yangu kila kitu kinakwenda vizuri. Kwenye seva, ambako programu inawashwa na systemd (mfumo wa Linux wa kuwasha na kusimamia huduma), inakufa papo hapo kwa kosa la ENOENT, yaani faili au folda haikupatikana. Nilipoandika njia kamili ya folda seva ilitulia, lakini mwenzangu anayetumia Windows akapata ERR_UNSUPPORTED_ESM_URL_SCHEME. Tena, mara nyingine ukurasa wa kwanza baada ya kuwasha hufunguka bila menyu ya ripoti. Ukiufungua upya, menyu ipo. Nimehangaika nayo siku mbili, naomba msaada wenu.

Jibu la kwanza

Ndugu, hayo ni matatizo matatu, na la kwanza ndilo linalowasumbua wengi. Njia ya './jalizi' ukiipa readdir huhesabiwa kuanzia folda ambamo mchakato umewashwa, lakini njia kama hiyohiyo ukiipa import() huhesabiwa kuanzia faili ambamo umeiandika. Kwako unawasha programu ukiwa ndani ya folda ya mradi, kwa hiyo mahali hapo pawili ni pamoja na huoni tofauti. Systemd, usipoielekeza vingine, huwasha huduma ikiwa kwenye /, na huko hakuna folda ya jalizi. Kwa hiyo zote mbili zianzie kwenye faili lako, si pale mtu alipokuwa alipobonyeza kitufe cha kuwasha.

Kosa la Windows linatokana na kwamba import() inapokea anwani ya URL, na ikikutana na C: hudhani ni itifaki kama ilivyo http:. Pitisha njia kwenye pathToFileURL kwanza, iigeuze kuwa URL. Ama menyu inayochelewa, forEach haisubiri ahadi (Promise, yaani kazi ambayo matokeo yake bado hayajafika) yoyote: inazirusha import() zote na kuondoka, seva inaanza kupokea wateja huku ripoti bado inapakiwa.

```
const folda = path.join(import.meta.dirname, 'jalizi');
const majina = (await readdir(folda))
  .filter(j => j.endsWith('.mjs'))
  .sort();

for (const jina of majina) {
  const url = pathToFileURL(path.join(folda, jina)).href;
  const moduli = await import(url);
  await moduli.default.anza(programu);
}
seva.listen(3000);
```

Jibu la pili

Naunga mkono, na ningependa kueleza ile filter na ile sort, maana zinaweza kuonekana kama mapambo. Kwenye folda huingia mafaili usiyoyaalika, kwa mfano .DS_Store ya kompyuta za Mac, na mpangilio wa majina yanayorudishwa na readdir si wa kuutegemea. Ikiwa risiti lazima itangulie ripoti, yape mafaili namba mwanzoni: 10-risiti.mjs, 20-ripoti.mjs.

Fungia pia kila import() ndani ya try, uandike jina la faili lililoshindwa. Hata hivyo, usizimeze hitilafu zote. Kikumbusho cha deni kikigoma, duka linaweza kuendelea kuuza. Risiti ikigoma, kwa maoni yangu ni afadhali programu ikatae kuwaka kuliko kuuza kutwa nzima bila kumbukumbu.

Muulizaji

Nashukuru sana, ndugu zangu. Kwenye seva import.meta.dirname ilirudisha undefined kwa sababu Node yake ilikuwa ya 18, na nimesoma kwamba imeanza katika 20.11, nimetumia path.dirname(fileURLToPath(import.meta.url)) na sasa inawaka kote, pamoja na kwa yule wa Windows. Limebaki moja: je, ninaweza kubadilisha faili la jalizi bila kuzima programu?

Jibu la tatu

Kwa import() hakuna njia rasmi ya kuifuta moduli iliyokwisha kupakiwa. Ukiongeza ?v=2 mwishoni mwa URL utapata nakala mpya, lakini ile ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu, na programu inayokaa wiki nzima bila kuzimwa itazidi kunenepa. Kwa duka, kuzima na kuwasha usiku kunatosha. Ukilazimika, endesha jalizi ndani ya worker_threads (moduli ya Node ya kuendesha msimbo katika uzi wake wa pekee), kwa kuwa uzi mzima unaweza kuuzima na kuuanzisha upya.

Nakuomba sana uangalie pia ruhusa za folda hiyo. Faili lolote litakalowekwa humo linaendeshwa kwa uwezo wote wa programu yako: linaweza kusoma madeni ya wateja, kufuta hifadhidata, kutuma chochote kwenye mtandao. Moduli ya vm, ile ya Node inayoendesha msimbo katika mazingira yake ya pekee, haitakukinga, na maelezo rasmi ya Node yanasema wazi kwamba si chombo cha usalama. Mtumiaji anayeendesha huduma kwenye seva apewe ruhusa ya kusoma tu katika folda ya jalizi, na kuandika humo abaki nako yule anayesimamia seva.