MJADALA: Chama tawala cha zamani kiruhusiwe kwenye mchezo wetu, au kifutwe kabla hatujaanza?

Msimamizi
Ndugu wachezaji, salaam. Kabla sijafungua awamu mpya kuna jambo sitaki kuliamua peke yangu. Kwa wageni: huu ni mchezo wa kuigiza siasa kwa maandishi. Nchi ya kufikirika imetoka kwenye udikteta wa chama kimoja, uchaguzi wa kwanza huru uko mlangoni. Kila mchezaji anachukua chama, anaandika ilani na hotuba, anajadiliana na wenzake. Mimi natoa alama, narusha dadu kidogo kwa ajili ya bahati, kisha viti vinagawanywa. Bunge letu ni la viti 10 ili hesabu isitutoe jasho.

Sasa mmoja wetu ameomba kuchukua kile chama kilichotawala enzi za udikteta, na anataka kianze na ofisi zake, magari yake, gazeti lake na hazina yake. Wengine wamenifuata pembeni wakisema kikiingia wanajitoa. Kiruhusiwe, kiruhusiwe bila mali, au kifutwe? Karibuni. Matusi hapana.

Waziri Kivuli
Niliyeomba ni mimi, sina sababu ya kujificha. Nchi inayotoka kwenye chama kimoja halafu hicho chama hakipo kwenye karatasi ya kura, hiyo siyo siasa, ni ngano. Malawi waliangusha chama cha Banda 1994, hawakukifuta. Kikakaa upinzani miaka 26, kikarudi madarakani 2020 kwa kura. Benin, mtawala wa chama kimoja Kérékou alishindwa 1991, akaenda zake nyumbani, akarudi 1996 kwa sanduku lile lile. Kama mnaogopa kushindana na mimi semeni, msijifiche nyuma ya historia.

MwanaKatiba
Nani anakuogopa wewe? Awamu iliyopita hotuba yako ya ufunguzi uliichelewesha mpaka msimamizi akaanza kuhesabu kura bila wewe.

Turudi kwenye hoja. Tunisia 2011 mahakama ilikifuta chama cha Ben Ali mwezi Machi, Oktoba wakapiga kura vizuri tu. Misri nao wakafuta cha Mubarak mwaka huo huo. Huwezi kumwambia mtu aliyefungwa jela na chama fulani kwamba leo kaa naye meza moja mjadili kanuni za Bunge. Kifutwe. Akitaka kucheza aanzishe chama kipya.

Waziri Kivuli
Misri? Umetaja Misri kama mfano wa mambo kwenda vizuri? Nipo pale nimekaa.

Mama Bajeti
Jamani, mnagombea jina wakati tatizo ni mali. Chama kikiwa na jina la zamani lakini mfukoni hakina kitu, kitapambana kama wengine. Chama kikiwa na jina jipya lakini bado kina majengo yaliyojengwa kwa kodi za watu wote, mmefuta nini hapo? Msimamizi, nashauri mali ya umma irudi serikalini kabla ya kampeni, gazeti liwe la wote, na jina abaki nalo.

La pili. Chama cha zamani hakihitaji kupendwa na wengi. Kenya 1992 Moi alipata kama asilimia 36 tu akashinda, kwa sababu Matiba, Kibaki na Odinga kila mmoja alikwenda na njia yake. Wanamageuzi humu mko vyama vitatu tayari. Hilo mmelipangia nini?

Kabwela
Mimi naona mnapoteza muda. Kwenye mchezo huu vyama vya maana ni viwili, hicho cha zamani na cha wanamageuzi wakubwa. Waliobaki ni wasindikizaji. Mfano Wakulima: awamu iliyopita waliandika ilani ndefu yote mbolea, mwanzo mbolea mwisho mbolea, halafu siku ya kuunda serikali wakaenda kuunga mkono juhudi. Sasa watu wa namna hiyo na wao waulizwe nani afutwe?

Jembe Halilali
Nilikuwa nasoma kimya kimya lakini hapa umenigusa. Chama cha Wakulima ni changu mimi, nimekijenga tangu awamu ya kwanza wakati wewe Kabwela bado unauliza ilani ni nini.

Kwanza, mseto, yaani vyama kuunda serikali pamoja, siyo kuunga mkono juhudi. Mseto una mkataba, una wizara, una masharti, na yangu niliyaandika yakasomwa na wote. Pili, wewe unayedharau vyama vya wakulima, unamjua Waldemar Pawlak? Poland, 1993. Chama chake cha wakulima kilikuwa mshirika mdogo kwenye mseto, kikubwa kilikuwa kile cha mrengo wa kushoto, lakini waziri mkuu akawa nani? Pawlak. Msindikizaji huyo ndiye aliyekuwa anaongoza vikao vya baraza la mawaziri. Ujerumani Magharibi nako, na baadaye Ujerumani iliyoungana, kile chama kidogo cha waliberali kilikuwa serikalini karibu muda wote kuanzia 1949 mpaka 1998. Mwaka 1982 kilihama upande mmoja kwenda mwingine, kansela Schmidt akaondoka, Kohl akaingia. Hao nao wasindikizaji?

Na mbolea ni siasa. Ukishiba huwezi kulijua hilo.

Kabwela
Ha ha! Poland hiyo hiyo ambayo chama cha wanywa bia kiliingia bungeni na viti 20? Ndiyo nchi ya kujifunzia siasa hiyo?

Kipanga
Viti 16, siyo 20. Uchaguzi wa 1991. Bunge la chini lilikuwa na makundi 29, ndiyo maana uchaguzi uliofuata wakaweka kizingiti, asiyekifikia hapati kiti: asilimia 5 kwa chama na 8 kwa muungano.

Kabwela
16 au 20, bia ni bia.

MwanaKatiba
Kabwela kaanza vizuri ila kaacha nusu. Jembe, hicho chama cha Pawlak unachojivunia kimetokana na kile chama cha wakulima kilichokuwa kinakaa bungeni enzi za wakomunisti kupiga makofi. Wenzake wa kwenye huo mseto ndio warithi wa wakomunisti wenyewe. Kwa hiyo mfano wako wa kuonyesha kwamba wakulima si wasindikizaji ni chama kilichosindikiza miaka 40 kisha kikaendelea kusindikiza.

Jembe Halilali
Kumbe na wewe umo. Sawa.

Nitajie kosa moja la chama changu kwenye mchezo huu. Moja tu, na uweke ushahidi mezani. Mlipokosa kura moja ya kupitisha katiba, nani aliwapa? Mlikuja kwangu usiku na ujumbe mrefu, "ndugu yetu", "kaka", "mzalendo". Leo nimekuwa mpiga makofi.

Dogo Mzushi
Samahani wakuu, mimi mgeni. Swali lilikuwa chama cha zamani kiruhusiwe au la, si ndiyo? Mbona nasoma habari za mbolea?

Bwana Spika
Dogo, karibu. Hapa ndivyo tulivyo.

Kipanga
Kwa kuwa tumeshafika kwenye nani ni msindikizaji, niwaonyeshe kitu. Usindikizaji mwingi hautokani na chama, unatokana na kanuni ya kugawa viti. Chukueni mfano wa viti 10 kama vyetu. Chama cha zamani kimepata 43, wanamageuzi 31, wakulima 16, wafanyakazi 10, zote asilimia.

Kanuni tunayotumia ni ya D'Hondt: kura za kila chama unagawa kwa 1, kwa 2, kwa 3, kwa 4, kuendelea, kisha unachukua majibu 10 makubwa. Fanyeni wenyewe: 43, 31, 21.5, 16, 15.5, 14.3, 10.75, 10.3, 10, 8.6. Chama cha zamani kinaondoka na viti 5, wanamageuzi 3, wakulima 1, wafanyakazi 1. Yaani mwenye asilimia 43 kashika nusu ya bunge.

Sasa badilisha, gawa kwa 1, 3, 5, 7, 9, ile ya Sainte-Laguë. Chama cha zamani 4, wanamageuzi 3, wakulima 2, wafanyakazi 1. Kura ni zile zile, hakuna aliyeongezewa wala kuibiwa. Wakulima kutoka kiti 1 kwenda 2, na chama cha zamani hakina tena nusu. Kwa hiyo MwanaKatiba, unaweza kukidhibiti bila kukifuta.

Jembe Halilali
Awamu tatu zote tumetumia hiyo ya kwanza? Msimamizi ulijua?

Msimamizi
Kanuni iliandikwa kwenye tangazo la awamu ya kwanza, aya ya mwisho.

Jembe Halilali
Aya ya mwisho. Haya.

Mama Bajeti
Naona hoja yangu ya mali imepita kama upepo. Na ile ya kugawana kura za wanamageuzi nayo hakuna aliyeigusa. Hesabu ya Kipanga ni nzuri, lakini hiyo 43 yenyewe itapatikanaje? Kwa magari na gazeti! Kanuni yoyote utakayotumia, mwenye gazeti peke yake anaanza mbio akiwa katikati ya uwanja.

Waziri Kivuli
Mama Bajeti nakuheshimu, lakini mali ya chama ni mali ya chama. Wanachama walilipa ada.

Mama Bajeti
Walilipa au walikatwa kwenye mishahara?

Waziri Kivuli
Hilo ni suala la mahakama.

Mama Bajeti
Mahakama ambayo majaji wake mliwateua ninyi kwenye awamu ya utangulizi. Nimesoma historia ya nchi yetu hii, msimamizi ameiandika mwenyewe.

Kabwela
Waziri Kivuli anaigiza mpaka anaamini kweli. Chawa wa udikteta usiokuwepo, hii ni mpya.

Waziri Kivuli
Kuigiza ndiyo mchezo wenyewe, mkuu. Wewe ndiye unayekuja kila siku kuwa Kabwela.

Na kwa MwanaKatiba: Iraki 2003 Wamarekani walikifuta chama cha Saddam na kuwatoa kazini watu wake wa ngazi za juu. Walimu nao wakiwamo, kwa sababu bila kadi usingepanda cheo. Wale watu walikwenda wapi? Ukinifuta mimi kwenye mchezo, wapiga kura wangu bado wapo kwenye hesabu za msimamizi. Watapigia nani? Watamfuata atakayepiga kelele zaidi, na siyo wewe.

MwanaKatiba
Kwa hiyo tukuruhusu kwa vitisho.

Waziri Kivuli
Nimekuambia ukweli, umeuita vitisho.

Bwana Spika
Mnisikilize kidogo. Nimecheza mchezo huu kama chama kidogo na kama kikubwa. Kinachoharibu mchezo ni vyama kukubaliana kwa siri halafu kura ya kutokuwa na imani inapigwa kila wiki, serikali haidumu hata bajeti moja. Ningependa tuige Wajerumani: huwezi kumwondoa kiongozi wa serikali mpaka uwe umeshampata wa kumrithi kwa kura hiyo hiyo. Kohl aliingia 1982 kwa mlango huo. Hii ndiyo kanuni ya kujadili, hizo nyingine zitajipanga.

Dogo Mzushi
Kwa hiyo sasa tunajadili kura ya kutokuwa na imani?

Kabwela
Tunajadili mbolea, dogo. Usiondoke kwenye reli.

Jembe Halilali
Kabwela cheka tu. Nimekaa nimetafakari, na natangaza rasmi hapa mbele ya wote ili kesho mtu asiseme ni makubaliano ya siri.

Chama cha Wakulima kinaunga mkono chama cha zamani kushiriki. Na kama Waziri Kivuli atakubali kugawa viti kwa 1, 3, 5 kama Kipanga alivyoonyesha, nitazungumza naye mseto kabla ya uchaguzi. Masharti yangu: wizara ya kilimo, wizara ya fedha, na uwaziri mkuu ni wangu. Wanamageuzi wametuita wapiga makofi. Wakapige wenyewe sasa.

MwanaKatiba
Si mnaona? Hiki ndicho nilichokuwa nasema tangu mwanzo! Mchezo haujafunguliwa tayari chama cha mateso kimeshapata mtu.

Jembe Halilali
Kimepata mtu kwa sababu ulimfukuza mwenyewe. Rudi juu usome ulichoandika.

Waziri Kivuli
Jembe, uwaziri mkuu ni mzito kwa mtu wa asilimia 16. Lakini fedha tunaweza kuongea. Njoo pembeni.

Jembe Halilali
Pembeni hapana. Hapa hapa.

Mama Bajeti
Poland, hicho kilichoitwa mseto wa Pawlak kilipata kama asilimia 36 ya kura, kikabeba viti 303 kati ya 460, kwa sababu theluthi nzima ya kura zote ilipotelea kwenye vyama vilivyoshindwa kuvuka kizingiti. Vingi vyake vilikuwa vya wanamageuzi waliogawanyika. MwanaKatiba, ninyi mko vyama vitatu. Narudia, vitatu.

MwanaKatiba
Tatizo siyo sisi kuwa vitatu, tatizo ni wale wawili wengine kukataa kujiunga na mimi.

Kipanga
Aisee.

Msimamizi
Basi, naona tumefika. Uamuzi: chama cha zamani kinaruhusiwa, jina kinabaki nalo. Mali zote zinaorodheshwa kabla ya kampeni, na gazeti linakuwa la umma, kila chama kina ukurasa wake. Majengo na magari yatabaki kufungwa mpaka Bunge jipya lipige kura juu yake. Viti vitagawanywa kwa 1, 3, 5. Kizingiti hakuna, bunge la viti 10 halikihitaji. Pendekezo la Bwana Spika lipelekwe kwenye kamati ya katiba. Ilani zifike Jumamosi kabla ya usiku wa manane, na safari hii sitamsubiri mtu.

Waziri Kivuli
Majengo yakifungwa, mishahara ya walinzi na madeni ya kiwanda cha uchapaji analipa nani? Hivyo navyo vimo kwenye orodha.

Mama Bajeti
Orodha iko wapi?

Waziri Kivuli
Naiandaa.