Mjadala: Kenya inunue kompyuta kuu ya taifa, au iunganishe kompyuta ilizo nazo vyuoni?

Mwanzilishi wa mada, Chiromo

Wenzangu, swali hili limezungumzwa sana vikaoni na kuandikwa kidogo mno. Kila mafuriko yanapotupiga au ugonjwa unapozuka, hakosi mtu wa kusema kwamba watafiti wetu wangekuwa na kompyuta kuu ya taifa, yaani mashine moja kubwa yenye maelfu ya vichakataji, wangeiga hali hiyo kwa hesabu mapema na wananchi wakaonywa. Mimi sikubali fedha za umma zianzie hapo. Naona tuanze kwa kuunganisha kompyuta zilizokwisha kununuliwa kwa kodi zetu, zile zilizopangwa safu kwa safu katika maabara za vyuo, ambazo tangu jioni hadi asubuhi hazina kazi yoyote.

Wazo lenyewe si geni. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ian Foster na Carl Kesselman walipoeleza gridi ya kompyuta, jina waliliazima kutoka gridi ya umeme: mtumiaji apate nguvu anayoihitaji bila kulazimika kujua inazalishwa wapi. Mwaka 1999 mradi wa SETI@home, huko Berkeley, ulianza kuzigawia kompyuta za majumbani kazi ya kuchambua mawimbi ya redio kutoka angani, na ukaendelea kuzigawia hadi Machi 2020. Mwezi huohuo Folding@home, mradi unaoiga namna protini zinavyojikunja, ulivuka eksaflopu moja, yaani hesabu bilioni bilioni kwa sekunde, kwa sababu watu wengi waliutolea kompyuta zao kwa ajili ya utafiti wa korona. Kompyuta kuu ya Frontier, huko Marekani, ilitangazwa kufikia kiwango hicho mwaka 2022.

Wala mambo haya hayako mbali nasi. Kati ya 2006 na 2016 mradi wa MalariaControl.net, uliotokana na ushirikiano wa CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, na Taasisi ya Magonjwa ya Tropiki ya Uswisi, uliwafikia watu wa nchi nyingi ambao kompyuta zao ziliiga jinsi vimelea vya malaria vinavyoenea katika jamii za Afrika, na jinsi chandarua au chanjo ingebadilisha mwendo huo. Malaria ni yetu, kompyuta zikawa zao. Sisi tunayo KENET, mtandao wa vyuo na taasisi za utafiti, tangu 1999, na nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009. Ile hoja ya kwamba tunategemea setilaiti imekwisha wakati wake.

Kompyuta kuu, kwa upande mwingine, huzeeka haraka. Ranger ya Chuo Kikuu cha Texas ilianza kazi mwaka 2008 ikiwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Mwaka 2013 ilistaafishwa, na baadhi ya makabati yake yakapelekwa vyuo vya kusini mwa Afrika. Miaka mitano tu. Anayependekeza ununuzi wa kwanza atuambie na wa pili utagharamiwa na nani.

Mtabiri wa hali ya hewa, Dagoretti Corner

Ndugu mwanzilishi, umejichagulia mifano inayokufaa. SETI, protini na malaria ni kazi zinazokatika vipande visivyohitaji kuzungumza vyenyewe kwa vyenyewe. Kompyuta ya Uswisi ikichelewa, ya Brazil haina habari. Kazi yangu haiko hivyo.

Programu ya hali ya hewa kama WRF hukata anga miraba miraba, na kila kichakataji hupewa sehemu yake. Upepo unaotoka katika mraba wa Ngong hauna budi kuingia katika mraba wa Karen, na kwa hiyo katika kila hatua ya hesabu sehemu jirani hupashana habari za mipakani, kisha zote husubiriana kabla ya kusonga mbele. Ukiiga Nairobi kwa miraba ya kilomita moja, hatua moja ni takriban sekunde sita za wakati halisi. Utabiri wa saa 24 ni hatua 14,400. Ndani ya kompyuta kuu ujumbe wa mpakani hupita kwa mikrosekunde chache. Kutoka maabara ya Chiromo hadi ya Kisumu ni milisekunde kadhaa, yaani polepole zaidi kwa maelfu ya mara, na hapo sijamhesabu mwanafunzi atakayeizima mashine katikati ya hatua ya 9,000. Utabiri wa kesho ukitoka keshokutwa si utabiri tena.

Kanuni iliyotokana na hoja ya mhandisi wa kompyuta Gene Amdahl ya mwaka 1967 ni kali kuliko mimi: kazi ambayo asilimia 5 yake haigawanyiki haitaharakishwa zaidi ya mara 20, hata ukiipa kompyuta milioni moja. Afrika Kusini ililijua hilo ilipozindua Lengau mwaka 2016 katika kituo cha CHPC, Cape Town, mashine moja yenye uwezo wa petaflopu moja, yaani hesabu milioni bilioni kwa sekunde. Hawakwenda kuomba maabara za wanafunzi.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta, Ngara

Nawasoma nyote wawili kwa heshima, lakini naona mnazungumzia mashine ambazo hamjawahi kuzifunga mlango jioni. Katika maabara ninayoiangalia, swichi za ukutani huzimwa na askari wa zamu kwa amri ya ofisi ya fedha, na ukiacha karatasi iliyoandikwa "Usizime", asubuhi utaikuta karatasi ipo na mashine imezimwa. Simlaumu; aliagizwa.

Tufanye hesabu ya wazi. Kompyuta 200, kila moja ikila wati 100 kwa saa 10 za usiku, ni uniti 200 za stima. Tukikadiria shilingi 20 kwa uniti, hiyo ni shilingi 4,000 kila usiku na 120,000 kwa mwezi, katika chuo kimoja, kwa kazi ambayo chuo hicho huenda hakina mtafiti hata mmoja anayeifanya. Ndiyo maana neno "bure" hunikera katika mijadala hii. Mashine ilinunuliwa, sawa. Stima hainunuliwi mara moja.

Kisha kuna kukatika kwa umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani kwa saa nyingi. Kituo kikubwa huwa na jenereta. Maabara zetu nyingi zina vifaa vya kukuwezesha kuhifadhi kazi na kuzima, basi.

Mwanzilishi wa mada

Mtabiri, nakubaliana nawe kuhusu WRF yenyewe. Lakini gridi si lazima iwe ya kompyuta za wanafunzi peke yake. Ile inayohudumia LHC, mtambo wa CERN wa kugonganisha chembe, inaunganisha vituo takriban 170 katika nchi zaidi ya 40, na vingi vyake ni klasta kamili, yaani kompyuta nyingi zilizofungwa pamoja mahali pamoja: kazi inayohitaji kukaa pamoja inapelekwa kwenye klasta moja, inayogawanyika inatawanywa. Utabiri mmoja unahitaji klasta moja. Lakini ukitaka kuuendesha mara 50 kwa kubadilisha kidogo hali ya mwanzo, ili ujue uwezekano wa mvua kubwa ni kiasi gani, zile 50 hazihitaji kuzungumza zenyewe kwa zenyewe.

Kuhusu kuzimwa ghafla, msimamizi, programu za aina hii huhifadhi mahali zilipofikia kila baada ya muda, na mfumo wa BOINC, unaogawia kompyuta nyingi kazi za aina hii, unaweza kuituma kazi ileile kwa kompyuta zaidi ya moja na kulinganisha majibu. Askari wako atachelewesha jibu, hataliharibu. Suala la stima sina jibu lake.

Mkutubi wa data, Upper Hill

Mnabishania injini na hamjauliza kuhusu mafuta. Nitaeleza jambo moja kwa urefu kidogo, mnivumilie.

Hivi karibuni nilifungua faili mbili za mvua ya Aprili 2024 zinazosemekana ni za kituo kimoja hapa Nairobi, kutoka kwa taasisi mbili tofauti. Kipimo cha mvua husomwa saa tatu asubuhi, na maji yaliyomo ni ya saa 24 zilizotangulia. Sasa, milimita hizo ziandikwe chini ya tarehe ya jana, ambapo mvua nyingi ilinyesha, au ya leo, ambapo mtu alisimama na kuzisoma? Faili moja imefuata njia ya kwanza, nyingine ya pili, na hakuna safu wala maelezo yanayosema ipi ni ipi. Anayeiga mto wa Mathare uliofurika usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili anaweza kuzitia zote mbili katika kompyuta kubwa kuliko zote duniani, na moja itampa mto unaofurika siku moja baadaye, watu wakiwa wamekwisha kuhamishwa. Halafu kuna seli tupu. Je, hakukunyesha, au msomaji hakufika? Katika faili ya pili tupu na sifuri zimechanganywa ovyo.

Kosa la namna hiyo halionekani, kwa kuwa programu haigomi. Inakupa ramani nzuri yenye rangi.

Dawa ipo, na ndiyo sehemu ya utafiti wa kompyuta ambayo wafadhili huipita haraka kwa sababu haina picha ya kupiga wakati wa kukata utepe. Tim Berners-Lee na wenzake waliieleza hadharani mwaka 2001 kwa jina la wavuti wa semantiki, yaani wavuti ambao mashine nazo zinaweza kuelewa maana ya data. RDF, lugha ya kuandika maarifa kwa sentensi fupi za sehemu tatu zinazosomeka na mashine, ilikuwa imepitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 1999, na OWL, ya kuandikia ontolojia, yaani maelezo rasmi ya dhana na uhusiano wake, ikafuata mwaka 2004. Kwa tatizo langu la mvua, ontolojia ya vihisi na vipimo iliyotolewa na W3C pamoja na OGC, shirika la viwango vya data za ramani, mwaka 2017 inatenganisha wakati wa tukio na wakati ambapo jibu la kipimo lilipatikana. Kasoro yote niliyoitaja inamalizwa na tofauti hiyo moja, mradi mtu akubali kuketi na kuiandika kwa kila kituo.

Wanabiolojia wa nzi, hamira na panya waliketi hivyo mwaka 1998, wakaanzisha Gene Ontology, msamiati wa pamoja wa kueleza kazi za jeni, na leo mtafiti wa jeni popote anaitegemea. Katika afya nasi tulijaribu: mwaka 2011 Kenya ilieneza DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za afya, nchi nzima, na orodha kuu ya vituo vya afya inakipa kila kituo namba yake, hivi kwamba zahanati moja iliyoandikwa majina matatu bado inajulikana kuwa ni moja. Vipimo vya mvua, mito na udongo navyo vinahitaji vivyo hivyo. Kwa maoni yangu, shilingi ya kwanza iende huko, kabla ya gridi na kabla ya kompyuta kuu.

Mwanafunzi wa uzamili, Kahawa

Mama mkutubi, naomba kutofautiana kidogo. Ontolojia nyingi nilizozikuta nilipokuwa nikisoma kazi za watangulizi wangu zimebaki ndani ya tasnifu. Mwenyewe alipohitimu, hakuna aliyezitumia tena. Zilitengenezwa kwa unadhifu kabisa, na hakuna mtoaji wa data aliyeulizwa kama ataweza kuzijaza. Nahofia tutatumia miaka mitatu kubishana juu ya maana ya "mto wa msimu" huku mimi nikiendelea kuendesha uigaji wangu kwenye tarakilishi ya kupakata yenye feni inayolia usiku kucha.

Mkutubi wa data, Upper Hill

Mwanangu, hofu yako ina msingi. Ndiyo maana sikupendekeza ontolojia mpya hata moja. Nimetaja iliyopo, na ndani yake sehemu mbili tu: wakati wa tukio na wakati wa jibu la kipimo.

Wakili, Milimani

Jambo moja la kisheria kabla hamjasambaza kazi. Mvua haina faragha, wagonjwa wanayo. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ya mtu ni data nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa hiyo rekodi za wagonjwa hazifai kutawanywa kwenye kompyuta za maabara ambazo yeyote anaweza kuchomeka kifaa. Gridi yenu itahitaji kujua ni kazi ipi inaruhusiwa kwenda wapi, na nadhani hapo maelezo ya data anayoyatetea mkutubi yanawahusu hata nyinyi wa mashine, maana mashine haitajua faili ni ya mgonjwa mpaka faili yenyewe iseme.

Mwanzilishi wa mada

Wakili amenifungua macho katika hilo, na mkutubi amenisogeza. Bado napinga kompyuta kuu iwe ya kwanza. Napendekeza jaribio dogo: vituo vya mvua vya Nairobi peke yake, Aprili na Mei 2024, data iandikwe upya kwa kutenganisha zile njia mbili za kuandika tarehe, kisha uigaji wa mto wa Mathare uendeshwe mara nyingi kwenye maabara mbili au tatu zilizounganishwa.

Mtabiri wa hali ya hewa, Dagoretti Corner

Uigaji wa mto kwa marudio mengi unagawanyika, kwa hiyo sina pingamizi. Sharti langu ni kwamba mvua inayoingizwa humo iwe iliyopimwa na si iliyotabiriwa, na jaribio hilo likifaulu, asije mtu akasema limethibitisha kwamba utabiri hauhitaji mashine kubwa. Litakuwa limethibitisha kuhusu mto.

Msimamizi wa maabara ya kompyuta, Ngara

Basi tuanze na maabara yangu, kwa kuwa makadirio yangu ya stima ni ya kichwani na nyinyi hamna hata hayo. Nitafunga mita ndogo kwenye safu moja ya kompyuta, wiki moja bila kazi za usiku na wiki moja zikiwa na kazi, na nitawaletea uniti zilivyosomeka. Mita za aina hiyo zinapatikana Luthuli Avenue. Ninachohitaji kutoka kwenu ni kazi yenyewe ya kuziendesha, na barua fupi kwa ofisi ya fedha ili askari aelezwe.